Mkono Ukigonga, Achia

Mwanangu, vuta kigoda ukae. Chai bado ya moto, na leo sina gari la mtu la kutengeneza.

Vijana wananiuliza swali moja kila siku: miezi mingapi mpaka mkanda mweusi? Juzi kaja mmoja kule gereji, simu mkononi, ananionyesha mtu anavyowarusha wenzake kama magunia. "Mzee, hii nitaiweza lini?" Nikamwambia mimi niliingia kwenye judo nina miaka 17, nikafungwa mkanda mweusi nina miaka 31. Akacheka. Alidhani namtania. Akatazama saa, akaaga, akawasha pikipiki.

Sikumkasirikia. Nilikuwa vilevile. Wazee walisema mvumilivu hula mbivu. Mimi niliila mbichi, na ikanikwama kooni. Kwa hiyo nilichotaka kumwambia yeye nitakwambia wewe. Ni jambo dogo, halizidi kiganja cha mkono. Ila mpaka nikalijua, mtu mwingine amelilipia kwa kiwiko chake.

Mwaka 1984 judo yetu ilikuwa chumba kimoja cha kuazima, hapa hapa Bujumbura, hatua chache kutoka mtaa wetu wa Buyenzi. Tatami za kununua, yaani mikeka ya judo, zilikuwa ndoto. Tulishona magunia, tukayajaza pumba za mpunga wa uwanda wa Imbo, juu tukatandika turubai kuukuu la lori. Ukianguka vizuri, vumbi linatoka kwenye mishono na kukuingia puani. Ukianguka vibaya, unakutana na saruji. Kimono changu cha kwanza alikishona mama kwa mifuko ya unga. Maandishi ya kiwanda hayakutoka vizuri mgongoni, basi kila nilipoangushwa kifudifudi wenzangu walinisoma uzito na bei.

Mama alikubali kushona, lakini alikuwa na lake moyoni. Jirani alimwambia kwamba huko tunainamia picha ya Mjapani ukutani. Sisi ni Waislamu, mwanangu, na Buyenzi habari kama hiyo haitembei, inakimbia. Jioni moja akaja mwenyewe, kanga kichwani, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, mwanangu anamsujudia nani humu?"

Mwalimu hakubishana naye. Aliitoa picha ukutani, akaiweka kabatini, na haikurudi tena. Kisha akasema, "Mama, wanainamiana wao kwa wao. Huyu anamwambia mwenzake: nakukopesha mwili wangu, unirudishie mzima."

Mama alikaa kimya kidogo. "Basi huo ni mkopo," akasema. "Na mkopo haufanyiwi mchezo." Akajifunga kanga yake akaenda zake.

Nilikuwa pale. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio mawili, na yote mawili yalikuwa yameziba.

Ile picha ilikuwa ya Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo. Jina linatufaa sisi Waswahili, maana kano kwetu ni zile nyuzi ngumu zinazofunga nyama kwenye mfupa, na kazi yake ilikuwa kuzilinda. Alizaliwa mwaka 1860, mdogo wa umbo, akionewa na wakubwa shuleni. Alikwenda kujifunza jujutsu kwa sababu ileile inayowapeleka vijana wengi: nirudi niwaonyeshe. Lakini mwaka 1882, hajafika hata miaka 22, alifungua darasa lake kwenye hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Chumba cha mikeka 12 tu, na wanafunzi wa kuhesabu kwa vidole.

Sasa sikiliza alichofanya. Jujutsu ya zamani ilikuwa ya wapiganaji. Ilikuwa na mbinu za kuua na za kulemaza. Mbinu kama hizo huwezi kuzifanyia mazoezi kwa nguvu zako zote. Ukizifanya, kesho huna wa kufanya naye. Kano akachambua kama mama anavyochambua mchele. Zile za hatari akaziweka kando, zifanywe polepole na kwa mpango. Katika kushindana kwa mazoezi wakabaki na zile ambazo mtu anaangushwa, anabanwa, kisha anainuka, anakwenda nyumbani kula. Hata kukunja viungo, baada ya miaka mingi kikabaki kiwiko peke yake. Na kiwiko nacho kina mlango wa kutokea. Ukizidiwa, unagonga. Kiganja mara mbili, kwenye mwili wa mwenzako au kwenye mkeka. Aliyekushika anaachia papo hapo. Haulizi kwa nini. Hamalizii.

Ndiyo hiyo tu, mwanangu. Ndilo lile jambo la ukubwa wa kiganja.

Mwalimu akitaka tuanze alisema "Hajime". Akitaka tusimame alipaaza "Mate!" Siku ya kwanza tulikufa kwa kicheko, maana kwetu mate ni ya mdomoni. Kumbe Wajapani wanasema "ngoja". Nimekuja kuona kwamba maneno hayo mawili yanatosha kumlea mtoto mpaka akawa mtu mzima. Anza. Ngoja. Mimi nililishika la kwanza, la pili nikalichekea.

Miezi mitatu ya mwanzo hatukumwangusha mtu. Tulianguka tu. Kidevu kifuani, mkono upige turubai kabla mgongo haujafika. Jioni baada ya jioni. Nilichukia. Nilikuwa nakwenda nyumbani namwambia mama kwamba mwalimu huyu anatupotezea muda. Hesabu niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya rangi: mweupe, njano, chungwa, kijani, buluu, kahawia, mweusi. Nilizihesabu kama mtu anayehesabu vituo vya basi, haangalii hata dirishani.

Sasa nikupe lenyewe.

Ilikuwa Juni 1986. Tarehe 1 Julai, sikukuu ya Uhuru, tuliahidiwa kuonyesha judo mbele ya watu, na mwalimu alitaka kuchagua wawili. Jioni hiyo madirisha yalijaa. Wenzangu wa gereji walikuwepo, wamening'inia kwenye nondo. Niliyepangiwa naye alikuwa kijana wa ng'ambo ya mto Ntahangwa, mwanafunzi wa fundi cherehani. Mwepesi kuliko mimi, mpole kuliko mimi, na tuseme kweli, hodari kuliko mimi. Siku hiyo nilimbahatisha. Tulianguka wote, nikaudaka mkono wake, nikaulaza katikati ya mapaja yangu, mguu mmoja juu ya kifua chake, mwingine shingoni. Kidole gumba chake kinatazama dari. Wajapani wanaiita juji gatame. Hapo kazi imekwisha. Ukiinua kiuno kidogo tu, kiwiko kinakuja.

Akagonga.

Nilisikia, mwanangu. Nataka ulijue hilo, maana kwa miaka mingi niliwaambia watu sikusikia. Kiganja chake kiligonga paja langu mara mbili, taratibu, kama mgeni anayepiga hodi kwa watu asiowajua. Nami badala ya kuachia niligeuza shingo kutazama dirishani, nione kama wenzangu wameona. Muda ule wa kugeuza shingo tu. Kiuno kikapanda. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama kijiti cha mshikaki kinapovunjika.

Mwalimu alisema "Mate." Hakupaaza. Alisema polepole, kama anayejisemea mwenyewe.

Mkono ulifungwa, ukapona, lakini haukunyooka tena sawasawa. Mwalimu hakunipiga wala hakunifukuza. Alinifungua mkanda wa rangi kiunoni, akanifunga mweupe, akanipa fagio. "Utafagia mpaka arudi." Nilifagia wiki mbili. Kila jioni watoto wadogo walikuwa wanaruka juu ya fagio langu kwenda mkekani. Siku moja nililiegemeza nyuma ya mlango nikatoka, nikasema sirudi. Nilijiambia nimeonewa. Mtu akiwa na kosa lisilo na pa kulificha, hulificha ndani ya malalamiko.

Nikajitupa kwenye kazi ya gereji. Na huko nako, bila neno hata moja la Kijapani, nilikutana na somo lilelile. Nilipewa kufunga boliti za kichwa cha injini. Boliti ya namna hiyo ukiikaza inafika mahali inakaa, na mkono unahisi. Mimi nilihisi, nikaongeza. Nikaongeza tena. Ikakatikia ndani. Bosi wangu alikaa siku mbili anaitoa kipande kwa kipande. Alipomaliza alifuta mikono akaniuliza, "Ulipoihisi imekaa, kwa nini uliendelea?"

Sikuwa na la kusema. Jibu lilikuwepo, ila lilikuwa la aibu. Niliendelea kwa sababu nguvu zilikuwa zimebaki.

Usiku ule nilirudi nyumbani na mikono yenye grisi. Mama alinitilia wali na ndagala, akanitazama nikila. "Ule mkopo," akasema, "umelipa?"

Kesho yake tulivuka daraja la Ntahangwa, mimi na yeye, na kilo mbili za sukari kwenye mfuko wa karatasi. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Mama wa mwenzangu alitupa maji ya kunywa, akatuuliza habari za nyumbani. Hakuna aliyepandisha sauti. Mwanangu, ni rahisi kusimama mbele ya matusi kuliko kukaa mbele ya watu wastaarabu uliowakosea. Nilisema nisamehe. Yeye akasema maneno mawili tu: "Ulisikia, wewe."

Nikasema, "Nilisikia."

Akaitikia kwa kichwa. Nadhani alichokuwa anasubiri ni hilo.

Nilirudi kwenye fagio. Naye, baada ya miezi minane, alirudi kwenye mkeka. Jioni ya kwanza mwalimu akatupanga pamoja. Tukainamiana. Akalala chini kwenye magunia, akaninyoshea mkono. Uleule. Ulikuwa hauwezi kunyooka wote, umekunjika kidogo kama tawi. Mikono yangu ilitetemeka. Niliushika tu, sijavuta hata kidogo, akagonga. Nikaachia. Akanipa tena, akagonga. Nikaachia. Tulifanya hivyo jioni nzima, watu wengine wanaangushana pembeni yetu na vumbi la pumba linapaa. Hatukufanya mbinu hata moja. Yeye alikuwa anagonga, mimi naachia.

Hapo ndipo nilipoanza judo. Ilikuwa miaka miwili na nusu tangu nipite ule mlango.

Wewe utaniambia, mzee, huko kukaa miaka yote hiyo kwa ajili ya mkanda ni mambo ya Wajapani. Hapana. Hapa kwetu Burundi mtu hajiiti mushingantahe, mzee mwamuzi wa watu, kwa sababu amezeeka au ana ng'ombe. Zamani walimtazama kwa miaka. Walipima anavyosema na anavyonyamaza, anavyokaa na mkewe, anavyofanya akiwa na hasira na akiwa na pombe kichwani. Wakiridhika ndipo wanamsimika mbele ya watu. Na ile fimbo yao, intahe, si ya kumchapa mtu. Inagonga ardhi, haki isemwe. Mkanda nao ni hivyohivyo. Daraja la kwanza la mkanda mweusi linaitwa shodan, na ile "sho" ni mwanzo. Miaka yote ile ya jasho, halafu unafungwa kitambaa kinachokwambia: haya, sasa anza.

Nilikuwa nimebakiza kidogo kufika hapo nchi ilipowaka.

Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa, na sitakusimulia yaliyofuata yote. Mengine hayasemwi mbele ya chai. Kufikia 1995 mji ulikuwa umekatwa vipande. Mtaa huu wa hawa, mtaa ule wa wale. Kulikuwa na siku za kufunga mji ambapo hata paka hakuvuka barabara. Madaraja ya Ntahangwa yakawa marefu kuliko ziwa. Mwenzangu fundi cherehani alivuka na mama yake kwenda Uvira, upande wa Kongo, na huko nako vita vikawakuta, wakaishia kwenye kambi za Kigoma. Chumba chetu cha judo kilifungwa. Pumba zikalowa, panya wakazaliana ndani ya magunia.

Mwaka huo huo, mchana mmoja, nilikuwa natoka kununua vipuri. Pembeni ya soko kelele ikaanza. Kijana mmoja anakimbia, umati nyuma yake. Mwizi, wengine wanasema. Wengine wanasema neno jingine, lile lililokuwa likiua watu siku zile. Alikuja moja kwa moja upande wangu. Sikufikiri. Nilimdaka, nikamzungusha, mkono wangu ukapita shingoni mwake kwa nyuma kama nilivyofundishwa. Alikuwa mwepesi, hana hata kilo 50. Nikasikia umati unakuja, unashangilia: "Mshike hivyo hivyo! Mshike, tunakuja!"

Na mimi, mwanangu, kwa pumzi moja nilifurahi. Nikukiri hilo pia. Ilikuwa furaha ileile ya dirishani.

Kisha kiganja chake kikagonga mkono wangu. Mara mbili. Mara tatu.

Yule kijana hajawahi kukanyaga mkeka, ningekufa nikiapa. Hakujua Kano ni nani. Kiganja kinajua chenyewe; nadhani kila mwili umezaliwa unajua. Na mkono wangu ukaachia. Sikuuambia. Ulikuwa umeshaachia kabla mimi sijaamua kama yule ni mwizi au si mwizi, wa kwetu au wa kwao. Akapita chini ya kwapa langu, akaingia kwenye uchochoro, akapotea. Umati ulinifikia ukanitukana, mmoja akanipiga kibao cha shingo. Mpaka leo sijui yule kijana alikuwa nani wala alifanya nini. Nilirudi nyumbani nimeviacha vipuri barabarani.

Nimelifikiria hilo miaka 30 sasa. Wema wa kufikiria huwa unachelewa. Siku ile, kama ningengoja akili yangu iamue, umati ungekuwa umefika. Kilichomwokoa ni ile jioni ya kipuuzi ya kugonga na kuachia, kugonga na kuachia, na mamia ya jioni baada yake. Ndiyo maana nakwambia mazoezi hayana njia ya mkato. Unaweza kuelewa jambo kwa siku moja. Mkono unachukua miaka.

Nisikudanganye lakini. Wapo tuliokaa nao kwenye magunia yale, waliokwenda wakatumia mikono yao vibaya wakati ule. Mkeka haumwoshi mtu kwa lazima. Kuna aliyekuja miaka yote kujifunza kushika tu, na huyo ndicho alichotoka nacho.

Na kuna anayefundishwa vibaya. Hapo jirani, Kongo, alitoka kijana anaitwa Popole Misenga, wa Bukavu. Vita vilimtenganisha na watu wake akiwa mtoto wa miaka tisa, akapatikana msituni, akapelekwa Kinshasa. Huko ndiko alikoikuta judo. Lakini amesimulia mwenyewe kwamba wakishindwa kwenye mashindano walifungiwa. Hebu fikiri: mtu anayefungiwa kwa kushindwa atagonga lini? Na mwenzake akigonga, atasikia? Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro kwenye mashindano ya dunia, yeye na mwenzake Yolande Mabika, wakabaki huko Brazil kuomba hifadhi. Wakapata mwalimu mwingine, wakaanza upya. Mwaka 2016 waliingia Olimpiki palepale Rio katika timu ya wakimbizi. Popole alishinda pambano la kwanza. La pili alipewa bingwa wa dunia, akashindwa, na ukumbi ukamshangilia. Siku hiyo hakuna aliyemfungia. Mimi humkumbuka kwa hilo la pili kuliko lile la kwanza.

Sisi hapa tulifungua tena chumba mwaka 1997. Tulitupa magunia yaliyooza tukashona mengine. Hatukufika hata kumi. Mwaka uliofuata mwalimu wangu, mvi zimemjaa, alinifunga mkanda mweusi. Sikuwa na wa kuniona dirishani, na sikugeuka kutazama. Wala si sisi tu tuliofanya kazi ya namna hiyo. Kule kaskazini ya mji, kituo cha vijana cha Centre Jeunes Kamenge kiliwakutanisha vijana wa mitaa iliyokuwa inauana, wakacheza pamoja na kujenga pamoja. Mwaka 2002 kikapewa tuzo ya Right Livelihood. Watu wanasema kilichowapatanisha ni mpira. Mimi nasema ni kumgusa mwenzako mara mia bila kumuumiza. Ukishafanya hivyo, mara ya mia na moja inakuwa ngumu kumuumiza.

Sasa nikwambie lililo gumu kuliko yote, kisha nikuache.

Siyo kila anayegonga anatumia kiganja. Mke wangu hugonga kwa kuosha vikombe ambavyo vimeshaoshwa. Wanafunzi wangu wa gereji hugonga kwa kusema "sawa bosi" haraka mno. Mwanangu wa kwanza alikuwa anagonga kwa kunyamaza. Nilimbana na maswali ya shule kila usiku, mezani hapa hapa ulipokaa wewe. Alama ngapi, wa ngapi, kwa nini. Alinyamaza, nikadhani ni kiburi, nikakaza. Mimi, mwenye mkanda mweusi! Akaacha kuja mezani. Halafu akaacha kuja nyumbani. Siku hizi yuko Kigali, hunipigia simu Ijumaa baada ya swala, tunaulizana hali ya hewa. Najifunza kutomuuliza zaidi ya anachotaka kusema. Wiki iliyopita alizungumza dakika tisa. Nilihesabu.

Kwa hiyo ukiniuliza judo imenibadilisha vipi, usitegemee hadithi ya kuwapiga majambazi. Imenifanya mtu anayechelewa kidogo. Nachelewa kujibu. Nachelewa kukaza. Wakati mwingine nachelewa na bado nakosea.

Ukitaka kuanza, anza. Ila usichague mwalimu kwa mikanda iliyoning'inia ukutani. Nenda ukae pembeni jioni moja, uone mwenye mkanda mweusi anavyomshika mtoto wa siku ya kwanza. Utajua yote hapo. Ukibanwa, gonga mapema. Hakuna nishani ya kung'ang'ania, na kiwiko hakina kiburi. Kina kano tu. Ukimbana mtu, weka sikio kwenye ngozi yako. Na simu iache kwenye mfuko, kwa sababu simu nayo ni dirisha.

Yule mwenzangu alirudi kutoka Kigoma, amani iliporejea. Ana cherehani yake mtaa wa Bwiza sasa. Mkono ule haujanyooka mpaka leo, kwa hiyo akikupima mabega ncha moja ya futi anaishika kwa meno. Ndiye anayeshona kimono za watoto wetu. Kila mwaka ananishonea kanzu ya Idi. Kila mwaka namlipa kupita bei, na kila mwaka ananirudishia chenji yangu, mpaka faranga ya mwisho.

Maliza chai hiyo. Tunaanza Jumanne, saa kumi na moja jioni. Uje mapema kidogo. Fagio liko nyuma ya mlango.